Shika Kioo, Verner

Kompyuta yangu ya zamani ilikufa Januari, nikiwa katikati ya kumwandikia wimbo mwokaji mikate wa kijiji chetu. Haikuaga. Ilitoa harufu ya waya ulioungua, ikanyamaza, nami nikabaki nimeikodolea macho. Nilikuwa nayo tangu binti yetu Rikke yuko shule. Ilikuwa nene, nzito, na vitufe vyake vilikuwa vimeinuka, kidole kikigusa kinajua kimefika. Mume wangu Verner, fundi wa mashine wa kiwanda cha maziwa mpaka alipostaafu, alikuwa ameifungua na kuifunga mara nyingi mno. Safari hii aliinusa tu.

"Hii tuizike, mama," alisema.

Sasa nieleze habari ya nyimbo. Huku kwetu kusini mwa kisiwa cha Funen, Denmark, mtu hatimizi miaka ya maana, wala haoi wala haolewi, bila kuimbiwa wimbo wake mwenyewe. Mmoja anachukua tuni inayojulikana na wote, anatia maneno yanayomhusu mwenye sherehe, yanachapwa, na wageni wanaimba mezani, karatasi mkononi, baada ya nyama na kabla ya kitu kitamu. Sharti wimbo utanie. Uliwahi kuanguka kwenye shimo la samadi, basi utaimbiwa samadi, na utacheka kuliko wote. Kijijini mwandishi ni mimi, Bodil. Nimewatania wachungaji wawili na daktari wa mifugo, na wote bado wananisalimu.

Verner peke yake ndiye ambaye sikuwahi kumwandikia. Kila nikianza, utani unakauka na yanayokuja ni mambo ambayo sisi hatusemi mezani. Alipotimiza sitini nilishindwa kabisa, na jirani yetu Tove akaandika yeye. Tove aliutungia ugonjwa wa ngiri wa Verner beti mbili nzima. Ukumbi ulicheka, Verner akacheka, kisha akaikunja ile karatasi polepole na kusema, "Tove ana kipaji." Sentensi hiyo imenikaa kooni miaka kumi.

Na sasa Jumamosi anatimiza sabini. Ukumbi umeshakodiwa, nyama ya nguruwe imeagizwa, na mikono yangu imeanza kucheza ngoma ambayo sikuiomba. Daktari aliutaja ugonjwa wenyewe wakati wa vuli. Tulimwambia Rikke tu. Kijijini hajui mtu. Kalamu nikiishika inachora nyayo za kuku. Kilichobaki ni vitufe, na vitufe navyo daktari hakusema vitabaki nami mpaka lini. Kwa hiyo nilijua wazi: nisipomwandikia mume wangu safari hii, simwandikii tena.

Rikke ndiye aliyetuchagulia kompyuta mpya, ya kampuni nyingine kabisa. "Mama, zile za zamani siku hizi hazina maana," alisema kwenye simu. Nikajibu kwamba mzoea punda hapandi farasi. Akasema farasi ameshalipiwa, na anakuja na gari la mizigo.

Ilikuwa nyembamba kama biskuti. Vitufe vyake vimelala bapa. Kidole changu kinagusa mara moja, yenyewe inaandika herufi nne. Matundu ya waya yalikuwa madogo mno hivi kwamba hakuna waya hata mmoja wa nyumba yetu uliokubali kuingia, na Verner ana droo nzima ya waya. Hata hivyo kipya kinyemi ingawa kidonda: siku mbili za mwanzo niliipenda. Iliwaka upesi, na haikunguruma kama trekta. Siku ya tatu, nimemaliza tu ubeti wa kwanza, kioo kikazima. Nikagusa mfuniko kwa nyuma, kikawaka. Nikaondoa mkono, kikazima.

Nilipiga simu dukani. Baada ya muziki mrefu alipokea kijana.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha tena?"

"Mwanangu, inajizima yenyewe. Hiyo ndiyo kazi pekee inayoijua."

"Basi waya wa kioo umelegea. Itume kwetu, baada ya wiki tatu hivi itarudi. Ila msiifungue nyumbani. Mkifungua tu, waranti imekufa."

"Mume wangu anatimiza sabini Jumamosi."

"Oh, hongera."

"Asante," nikasema, maana sisi ni watu wa adabu, nikakata simu. Verner alikuwa anamenya viazi na kujifanya hasikii.

Tuliegemeza kile kioo kwa kopo la unga, kikazima. Tukakiegemeza kwa kitabu cha nyimbo za kanisa, kikawaka kidogo kisha kikazima. Kilichotaka ni mkono wa mtu, mkono unaosikia kinapotetereka na kukisukuma kidogo mbele au nyuma. Wa kwangu, wenye ngoma yake, haukufaa hata ningekuwa nayo mitatu. Verner akafuta mikono yake, akaketi upande wa pili wa meza ya jikoni, akanyoosha mkono na kushika mfuniko kwa vidole viwili. Kioo kikatulia.

"Andika, mama," akasema.

"Ni siri. Ni mambo yako."

"Mimi niko nyuma. Huku hakuna maneno."

Ndivyo tulivyokaa wiki ile, kila siku baada ya kifungua kinywa na tena baada ya chakula cha mchana, yeye nyuma ya kioo, mimi mbele, uso kwa uso. Nadhani tangu tuchumbiane hatukuwahi kutazamana kiasi hicho. Watu waliooana zamani hukaa ubavu kwa ubavu, kwenye gari, mbele ya televisheni, kanisani. Mwanzoni nilikereka.

"Unaniangalia nini?"

"Niangalie wapi? Huku pana nembo ya kampuni tu, nishaimaliza."

Nikaandika. Mara akasema, "Sasa umefika kwenye boti."

"Nani kakwambia?"

"Nyusi ya kushoto imepanda. Ukitaka kumchoma mtu lazima ipande."

"Fumba macho, mzee wewe!"

Akafumba, lakini moja lilikuwa linadanganya. Boti lenyewe alilijenga mwenyewe ndani ya banda, majira matatu ya baridi, na lilipokamilika likawa pana kuliko mlango. Kijiji kizima kilikuja kutazama.

"Utaje na mlango," akasema. "Mlango ndio uliokuwa mdogo. Boti halikuwa na kosa."

"Wewe hujui ninaandika nini."

"Sijui kabisa. Lakini mlango utaje."

Siku moja Tove aliingia bila kugonga, kama kawaida yake, akatukuta hivyo. "Ni mchezo gani huo mnaocheza?" Nilipomweleza akasema njoo uandikie kwangu, kompyuta yangu haina ugonjwa wowote. Nikamshukuru. Moyoni nikasema heri nichonge wimbo kwenye jiwe la barabarani kuliko kumwandikia Verner kwa mashine ya mwenye beti za ngiri.

Verner akatumiminia kahawa sote watatu. Tove alichungulia kikombe chake.

"We Verner, kahawa imepanda bei? Tangu vuli nyumba hii inanipa nusu kikombe. Kijijini tunasema unakaribia sabini ukiwa bahili."

"Imepanda," Verner akasema, wala hakupepesa macho. "Imepanda sana."

Tove akacheka, akanywa nusu yake, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeinamia vitufe. Ukweli wa kahawa ile naujua mimi. Kikombe kikijaa, mkono wangu unakimwaga mezani na kila mtu anaona. Siku ile ile tuliyotoka kwa daktari Verner alianza kunimiminia nusu, bila kusema neno. Wageni wakija anawamiminia wote nusu, ili cha kwangu kisijulikane. Kijiji kizima kinamwita bahili, naye anakubali tu. Hatujawahi kulizungumza, hata wawili peke yetu.

Huo ndio ulikuwa ubeti wa nne. Wa kwanza ulikuwa juu ya dansi aliyonichezesha akiwa na mabuti ya kiwandani, wa pili boti, wa tatu gari lake la kijani lililokuwa linawaka kwa kubembelezwa. Vyote hivyo vilikuwa vya kuchekesha, na vyote angeweza kuviandika Tove. Wa nne ni mimi tu niliyeweza kuuandika, na sikuweza, kwa sababu kuuandika ni kuuambia ukumbi mzima kwamba Bodil anaumwa. Nilianza, nikafuta. Ijumaa asubuhi Rikke alipiga simu kutoka Odense.

"Mama, natakiwa kuchapa leo. Una beti ngapi?"

"Tatu."

"Tatu zinatosha."

"Hazitoshi," nikasema, nikakata simu kwa hasira, ingawa yeye hakunikosea kitu.

Mchana tulikula mkate mweusi na maini ya kusaga, tukakaa tena mahali petu. Jiko la kuni lilikuwa linawaka, nje mvua ya theluji. Nilikaa nikitazama mstari mtupu muda mrefu, na Verner nyuma ya kioo akasinzia. Kichwa kiliinama, mdomo ukafunguka kidogo, na vidole vyake viwili vikateleza kutoka kwenye mfuniko, mkono ukalala juu ya meza.

Nikasubiri giza. Halikuja. Kioo kiliendelea kuwaka, hakikupepesa hata mara moja. Nikausukuma mfuniko nyuma kwa kidole, nikauvuta mbele. Kimya, kinawaka. Nikainama kutazama bawaba zake. Skrubu zake ndogo zilikuwa zimekwaruzwa, zinang'aa upya, na mimi nazijua alama za bisibisi yake ndogo; ndiyo anayokazia miwani yangu. Jumatano nilikwenda kwenye mazoezi ya mikono, nikarudi nikamkuta ameifuta meza mpaka inameta. Verner hafuti meza.

Hasira ndiyo iliyotangulia, sikatai. Ameifungua, ameua waranti! Tena bega lake la kulia ni bovu, anajipaka dawa kila jioni, na tangu Jumatano amekaa ameunyoosha mkono ule akishika kioo kisichohitaji kushikwa. Nilifungua mdomo nimwamshe nimkaripie kama mtoto. Kisha nikamtazama vizuri. Unyevu kidogo kwenye pembe ya mdomo, nywele zimesimama kama za kifaranga, mkono wazi juu ya meza. Angeweza kuniambia Jumatano ile ile. Angeniambia, ningesema vizuri, asante, na yeye angerudi kwenye kiti chake sebuleni. Hakutaka kurudi. Alitaka kukaa hapa, anitazame.

Nampenda mtu huyu. Ninampenda mpaka ninakasirika.

Nikaandika, polepole, nikifuta herufi zilizozidi:

*Mwasema Verner bahili,*
*nusu kikombe hutia;*
*mimi naugua, kweli,*
*kikombe chanimwagia;*
*ndipo wote, kwa akili,*
*nusu akawatilia.*

Si ubeti wa kutanulia kifua, na anayetaniwa humo si yeye, ni wao. Lakini nilipousoma sikuona haya. Niliwaza ukumbi utakavyoimba mstari wa kwanza kwa kicheko, na watakavyofika wa tatu. Tove ana sauti kubwa. Yeye ndiye atakayeufikia kwanza. Sawa. Wajue. Kwa muda wote huu nilikuwa naficha ugonjwa wangu nyuma ya jina lake zuri, naye ameniachia jina lake nilitumie kama kitambaa cha kufutia meza. Nikautuma wimbo kwa Rikke kabla sijabadili nia. Baada ya muda mfupi jibu lake likaja: *Mama. Nachapa. Nimelia kazini, asante sana.*

Verner bado alikuwa amelala. Ningeweza kuifunga kompyuta, nikaweka viazi motoni. Kazi ilikuwa imekwisha, na mkono wake hauna tena sababu ya kunyooshwa.

"Verner!" nikasema kwa ukali. "Kioo kimezima tena!"

Akashtuka, akanyoosha mkono, kisha mkono ukasita hewani. Hakutazama kompyuta. Alitazama miwani yangu, na najua alichokiona, maana jikoni giza lilikuwa limeshaanza kuingia na mwanga wa kioo ulikuwa umejaa kwenye lenzi zote mbili za miwani yangu. Akatazama pale kwa muda. Kisha akanitazama mimi.

"Naona," akasema taratibu. "Giza tupu." Akashika mfuniko kwa vidole viwili.

"Bega linauma?"

"Kidogo."

"Badili mkono basi."

Akabadili mkono. Akauweka ule wa kulia mezani, karibu na vitufe, nami nikauwekea wa kwangu juu yake, na ngoma yake yote, na yeye hakuubana wala hakuutuliza, aliuacha ucheze.

"Bado kuna beti nyingi?" akauliza.

"Bado," nikasema. "Usiachie."