Kasi ya Shangazi

Miezi minne nimepigana na matone. Kazi yenyewe kuisema ni rahisi: unachukua mafuta yenye vitamini, unayasukuma kwa bomba la sindano yapite kwenye chujio lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, yatokee majini yakiwa matone yanayolingana. Yangu hayakulingana hata siku moja. Hili kama tikiti, lile kama punje ya ulezi. Nami kwa hasira zangu za karibu nikazidi kusukuma kwa nguvu.

Leo asubuhi shangazi akapiga simu. Nikaibana begani, mkono ukabaki kwenye bomba, naye akaanza habari za harusi ya jirani yake: bwana harusi kachelewa, mama mkwe kasusa, keki imekaliwa. Nikasahau kabisa kwamba nasukuma.

Salio lilipomwishia, nikachungulia kwenye hadubini. Mama yangu! Matone yote sawasawa, kama watoto wa tumbo moja! Nikapiga vigelegele mpaka mkuu wa maabara akaja mbio. Alipochungulia, akaanza kukata kiuno, koti lake jeupe likiwa bado mwilini.

"Ulisukuma kwa kasi gani?"

"Kasi ya umbea wa shangazi, mkuu." Nikamweleza yote, mpaka keki.

Hakucheka. "Mpigie. Lazima turudie."

Nikajaza bomba, nikapiga. "Mwanangu, nimechoka," shangazi akasema. "Sina la kuongeza."

Mkuu akaninyang'anya simu.

"Shikamoo, shangazi. Hebu niambie, ile keki aliikalia nani?"