Koti Lililokalia Chumba cha Ewaso

Tangu ugatuzi ulete ofisi mpya mjini Isiolo, wakubwa wa jumba la kaunti walikuwa na njia yao ya kuwahi vyumba vya mikutano. Unafika mapema, unatundika koti kitini, unakwenda zako kunywa chai. Koti likikaa, chumba kimekaliwa. Nani angethubutu kuligusa?

Lorna Ewesit, fundi wa kompyuta wa pale, alikuwa ameichoka desturi hiyo. Akabandika ukutani vifaa vidogo vinavyojua kila simu iko chumba gani, kisha akatengeneza programu. Unainua simu, unatazama ukumbi kupitia kioo chake, na mishale inajichora sakafuni kukuongoza. Mlango ukionekana wa kijani, chumba ki wazi. Ukiwa mwekundu, kina mwenyewe. Wakubwa walimpa wiki moja ya majaribio.

"Ikishindwa, utabandua hiyo miplastiki yako," alisema Kahiga, afisa wa mipango, huku akichekacheka.

Siku ya mwisho ya majaribio, Halimo na wanawake wenzake waliingia kutoka kijiji cha Sericho, vumbi hadi kwenye nyusi. Walikuja kutetea fedha za kuchimbiwa kisima. Kamati ya bajeti ingewasikiliza asubuhi hiyo tu, tena ndani ya chumba chenye vinasa sauti. La sivyo, wangoje mwaka mwingine. Na mwaka mwingine bila maji, nani angebaki na ngamia? Walikwisha kurudishwa mara mbili kwa sababu ya makoti.

Lorna akainua simu. Kila mlango mwekundu. Hata Ewaso, chumba cha mwisho chenye vinasa sauti: programu ilisema Kahiga yumo. Akabisha hodi. Kimya. Akasukuma mlango.

Hamkuwa na mtu. Kulikuwa na koti la kijivu kitini, na simu ya Kahiga mfukoni mwake. Mjanja yule alikuwa ameudanganya mtambo kwa koti lile lile! Aibu ilimpanda Lorna hadi masikioni, na hasira ikaifuata mbio.

"Salaam aleikum," Halimo aliliamkia koti kwa heshima zote. Kisha akamgeukia Lorna. "Msichana yangu, kwetu kisimani zamu ni ya mtu amekuja na mifugo yake. Ukiacha fimbo peke yake, fimbo itakunywa maji?"

Wenzake wakaangua kicheko. Lorna hakucheka. Aliketi papo hapo sakafuni, kompyuta magotini, akaandika sharti jipya: simu ya mwenye chumba ikilia, asimame ndani, aiinue, aguse alama inayoonekana juu ya meza. Asipoitikia, chumba kinaachiliwa.

Simu ikalia mfukoni mwa koti. Ikalia tena. Ikanyamaza. Mlango ukageuka kijani.

"Inua, Mama! Gusa hapo!"

Halimo akaishika simu ya Lorna kwa mikono miwili, akagusa alama. Jina la Sericho likawaka juu ya meza.

Kahiga aliporudi, kamati ilikuwa imekwisha kuketi.

"Nani amekubali hawa wakae kwa chumba yangu?"

"Kahiga, chumba iko na wenyewe," mwenyekiti alimjibu. "Chukua koti yako, utuache tufanye kazi."

Kahiga alisimama kando ya ukuta, koti mkononi, chini ya plastiki ile ile aliyoicheka, akasikiliza mpaka mwisho.

Kisima kilipita bila pingamizi. Vigelegele vikajaa jumba zima, na cha Lorna kilisikika kuliko vyote. Walipokuwa wakitoka, Halimo alisimama mbele ya Kahiga, akalipapasa lile koti taratibu.

"Pole, koti," alisema. "Ukisikia kiu, karibu Sericho."