Ubavu wa Kumi na Tatu

Mbwa mweusi alifika kwenye bucha siku ileile walipomaliza matanga ya Getsl, akajilaza chini ya kulabu za nyama, na hakuna teke wala maji ya moto yaliyomwondoa. Zelik, mdogo wa marehemu aliyerithi kisu, alimtupia shingo, akamtupia kidari. Mbwa hata hakunusa. Alipotupiwa mafuta ya nyuma, yale ambayo Myahudi hali, aliyabugia bila kutafuna.

Wanawake wakatazamana. Katika mji ule wa Galisia kila mtoto alijua kwamba mwenye bucha aliyewalisha watu haramu hurudi duniani na mkia.

"Getsl, sogea kidogo tupite," Hinde, mke wa mwoka mikate, alimwambia mbwa. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Fradl, binti wa marehemu, alitoka mbio. "Koma kabisa! Baba yangu alihesabu mbavu za halali kwa sauti, mlango wazi. Ulikuwa kiziwi?"

"Nilimsikia, mwanangu. Mdomo ndio uliohesabu. Mkono ndio uliokata."

Neno hilo lilimuuma Fradl kuliko tusi. Maana tangu mazishi, kila alfajiri alimsikia baba yake kule chini buchani: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kisha kimya. Kimya kirefu mno, ndipo shoka lilipoanguka. Alijifunika mto kichwani, akaendelea kusikia. Alitaka jambo moja tu duniani: jina la baba yake lisafike, mzee apate kulala.

Alhamisi, bucha ikiwa imejaa wanunuzi wa nyama ya Sabato, akaingia Panko. Huyu alikuwa Mkristo, na ndiye aliyenunua sehemu zote za nyuma za ng'ombe, kwa kuwa Wayahudi wa pale hawakuzigusa.

"Zelik, Mungu akuzidishie!" alisema kwa furaha. "Wewe mkarimu, si kama kaka yako. Miaka yote nimenunua nyuma kwa Getsl, sikuona ubavu hata wa dawa. Wewe kila wiki unaniachia mmoja!"

Wanunuzi wakageukiana: basi ule wa Getsl ulikwenda kwa nani? Mbavu kumi na mbili huenda mbele, kwa Wayahudi. Wa kumi na tatu hubaki nyuma na mafuta yake. Ndivyo sheria ilivyo, na hata aliyelala usingizi sinagogini aliijua. Panko alitazama nyuso zile, akavua kofia, asijue amekosa nini.

Rabi hakuchelewa kutoa hukumu: kila sufuria iliyopikiwa nyama ile ichemshwe, kila chombo cha udongo kivunjwe. Mji mzima ukasikika ukivunjika.

Hapo Fradl akaona upenyo. Kama baba alikosea hesabu bila kujua, basi haramu ililiwa hata nyumbani kwake, na aliyekosea si mwizi. Alikusanya sahani za udongo kwenye aproni, akatoka nazo uani mbele ya majirani.

"Tazameni! Na sisi tulikula! Sote tulikula!"

Akainua ya kwanza. Mama yake, Sosye, akamshika mkono.

"Weka chini."

"Mama, niache, watu wanatazama!"

"Ni za marehemu bibi yako. Mbona uvunje vyombo visivyo na kosa?" Mama alisema taratibu, bila kumtazama mtu, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka. "Ubavu haujapikwa katika nyumba hii hata siku moja. Baba yako alikataza."

Fradl akakumbuka shingo. Shingo kila Sabato, yeye akilalamika, baba akicheka na kumwongezea mchuzi: kula, mwanangu, shingo ndiyo tamu.

Basi baba alijua, na ubavu akawauzia wengine. Sahani ilikuwa safi kabisa mkononi mwa Fradl, na aliona kinyaa kuishika.