Kitanzi cha Kamba Nyekundu

Siku baba alipoingiza pikipiki ya magurudumu manne uani, shangazi aliacha kufua, akaizunguka mara mbili, mikono kiunoni, povu likimdondoka viwikoni.

"Kaka, umenunua chombo au umenunua kaa?"

"Chombo, dada. Miguu minne. Hiki hakianguki ovyo."

"Hata kaa huanguka, ila yeye akianguka analiwa."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo chombo kikaitwa Kaa, na hakuna aliyekiita vingine tena.

Binti alikuwa kwenye cherehani yake pale mlangoni. Alitabasamu, akainamisha kichwa. Maneno hayakuwa fungu lake. Mteja akitaja vipimo, yeye aliandika. Mteja akilalamika kiuno kimepwaya, yeye alifumua na kushona upya bila kujitetea. Cheche, mchomelea vyuma wa nyumba ya pili, alimpa jina la Sindano. "Anapita, kazi inabaki, sauti husikii," alikuwa akisema.

Baba alikuwa mganga wa mifugo. Miaka mingi alipeleka chanjo kwenye mashamba ya mlimani, kisanduku cha barafu mgongoni. Kisha mwaka jana pikipiki yake ya zamani iliteleza korongoni, ikamlalia mguu tangu saa nne asubuhi mpaka wachungaji walipopita jioni. Mguu uliunga vibaya. Tangu hapo binti alizijua hatua zake bila kuinua macho: moja nzito, moja ya kuburuta. Na huko juu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kwenda, ndama walikufa zizi baada ya zizi. Kila habari ya ndama ilimnyima baba chakula.

"Safari hii nikikwama, najivuta mwenyewe," alisema. "Sitamngojea mchungaji."

Ndiyo maana alitaka winchi: ngoma ndogo ya chuma inayofungwa mbele ya chombo, inayozungushwa kwa betri na kukunja kamba. Unatundika kulabu kwenye jiwe au mti, unabonyeza kitufe, chombo kinapanda chenyewe. Cheche aliifunga kwa nati nne, akaipiga kofi kama mtu anayesifu punda. Ila waya wa chuma uliokuja nayo aliutoa.

"Waya ukikatika unachinja, mzee. Weka kamba."

Basi baba akanunua kamba nyekundu iliyosukwa, nyepesi, laini mkononi. Iliuzwa kwa mita, haina kitanzi cha kushikia kulabu. Muuzaji alimwonya kwamba kitanzi chake husukwa na mtu anayejua, hakifungwi fundo. Baba alimcheka. Aliporudi aliiweka ile kamba juu ya meza ya cherehani.

"Kijana wa watu hajui kwamba kwangu kuna fundi. Mwanangu, nishonee kitanzi hapa. Kaza kama unavyokaza mikanda ya mabegi."

Binti alifungua mdomo. Alitaka kuuliza, kama husukwa, kwa nini kishonwe? Baba alikuwa anamtazama kwa macho ya furaha. Mdomo ukajifunga.

Ilikuwa Jumatano. Alichukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa viatu uliopakwa nta. Alikusudia mistari sita. Mstari wa pili ulipoisha, uzi nao ukaisha. Kwenye kibiringo ikabaki karatasi ngumu tu. Fundi viatu wa pale kona alikuwa amesafiri kwenda msibani. Dukani wakasema mpaka Jumatatu.

Angeweza kusema. Alijua hilo wakati ule na alilijua baadaye. Lakini baba alitokea mlangoni na buti mpya, glavu mikononi, helmeti kichwani, miwani ya vumbi imemziba nusu ya uso, kama mtoto aliyevishwa nguo za sherehe.

"Bado tu, fundi?"

Tangu aanguke, hakuwahi kumwona hivyo. Akachukua uzi mweusi wa nguo, akaukunja mara nne, akamalizia mistari minne iliyobaki. Kwa nje yote ilifanana. Baba akakivuta kitanzi kwa mikono miwili, akaguna.

"Hata fahali hakati hiki!"

Alhamisi binti alimshonea koti la safari, na sponji kwenye viwiko na mabega. Kila mteja aliyepita baba alimwonyesha kamba. "Kazi ya huyu huyu, mnayemwona kimya." Kila sifa ilikuwa kama mshono mmoja zaidi kwenye midomo yake. Ijumaa wakati wa kula alijikaza.

"Baba, ile kamba..."

"Iko imara, mama! Imara kabisa!"

"Ndiyo," alisema, akaisukuma sahani yake pembeni.

Shangazi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Wewe una jambo. Kama ni homa, sema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sina homa, shangazi."

Na kweli hakuwa na homa.

Jumamosi asubuhi baba alikwenda kujaribu Kaa kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ili Jumatatu aanze safari ya mlimani. Nusu ya mtaa ilimfuata. Binti alibaki, akasema ana kola za kushona. Alishona kola mbili. Ya tatu, uzi ukakatika. Akautia upya, ukakatika tena. Alikuwa ameukaza kidogo tu. Akautazama ule uzi mweusi, kibiringo kilekile cha Jumatano. Aliinuka, mkasi ukining'inia shingoni, akatoka mbio bila viatu.

Kaa alikuwa katikati ya mteremko, pua juu, breki zimekamatwa. Nyuma yake, chini, lilikuwepo shimo la maji ya kijani. Baba alikaa juu yake, amevaa kila kitu, koti la binti yake limefungwa mpaka kidevuni. Kamba nyekundu ilikuwa imelegea juu ya kokoto mpaka kwenye jiwe kubwa, na Cheche alikuwa ndiyo kwanza ametundika kulabu.

"Tayari, mzee! Achia breki, bonyeza!"

"Baba, usiachie!"

Watu waligeuka kumtafuta mwenye sauti. Wengi hawakuwahi kuisikia. Alipanda kwa magoti na mikono, kokoto zikimkata, akafika kwenye jiwe.

"Sindano, una wazimu? Toka kwenye kamba!"

Alikata mistari miwili ya uzi wa nta kwa mkasi. Ile minne hakuikata. Alikishika kitanzi huku na huku, akavuta kwa mikono yake mwenyewe, myembamba kama ilivyo. Uzi ukalia, tap, tap, tap, mpaka mwisho. Kamba ikateleza kutoka kwenye kulabu, ikashuka mteremko polepole mpaka kwenye magurudumu ya Kaa.

Cheche alivua kofia yake.

"Nilishonea uzi wa nguo," binti alisema. "Wa viatu uliniishia."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee, bintiyo kakushonea gauni!" Wakacheka. Baba hakucheka. Alivua helmeti, akageuza macho kulitazama lile shimo, kisha akamtazama yeye.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatano."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo, baba."

Alimshusha Kaa mwenyewe, kwa ubavu, breki zikilia mpaka chini.

Mchana Cheche aliurudisha waya wa chuma, akigonga bila utani. Shangazi aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Baba akaja na koti, akaketi kwenye kigoda mbele ya cherehani, akaligeuza ndani nje. Akaanza kupima mishono, mmoja mmoja, kwa vidole gumba viwili, akibonyeza na kuvuta, kama apimavyo mbavu za ng'ombe mgonjwa. Hakuinua macho.

Binti alitaka kuomba radhi, lakini aliona kwamba baba hakuwa akitafuta radhi mle ndani ya koti. Vidole vilipita kwenye kiwiko, vikapanda begani, upande wa kushoto. Vikavuta. Mshono ukashika. Vikaendelea.

"Baba."

"Naam."

"Rudi hapo begani. Juu ni uzi mzuri. Chini ya sponji niliunga."

Vidole vikasimama. Baba alilikunja koti, akampa. Uso wake haukulegea.

"Na wapi kwingine?"

Binti alivuta kiti chake karibu, akalifungua koti juu ya magoti ya wote wawili, akaanza kumwonyesha.