Kina Culpepper wa Kitabu cha Simu

Asubuhi ile ya Jumamosi Ghalia alikuwa amekaa chini kwenye korido, mgongo kauegemeza kwenye redieta ya kupashia nyumba joto, kitabu cha simu kimemjaa mapajani, anawatafuta kina Culpepper. Bibi yake alikuwa ameburura kiti kutoka jikoni mpaka mlangoni. Kakaa hapo na kanga mbili, soksi nene na tasbihi mkononi, anasimamia kazi.

"Umewapata wangapi?"

"Watatu, Bibi."

"Watatu tu? London yote hii?"

"Upande wetu huu. Ni jina adimu."

"Adimu." Bibi akalitafuna neno kama mtu anayeonja mchuzi usiokolea chumvi. "Watu wakiwa wachache hivyo, wana jambo."

Ilikuwa mwaka 2001, na jambo lenyewe lilikuwa Nusra, dada yake Ghalia. Nusra alikuwa anauza manukato uwanja wa ndege wa Heathrow, na alikuwa ameposwa na mwenzake wa kazini, Neil Culpepper. Mwingereza huyo mrefu, masikio mekundu, kasilimu mwaka juzi, na kwa kuamka kuswali alfajiri aliwashinda wote wa nyumba ile ya kina Ghalia, Wembley. Baba yao, Mansour, alisema maneno machache tu: mama akikubali, nami nimekubali. Mama mwenyewe ndiye Bibi. Na Bibi, mwezi wa tatu sasa, hajasema ndiyo wala hapana. Alisema bado anaulizia.

Kwao Pemba posa haijibiwi kabla ya kuulizia. Unamtuma mtu wako, anakaa barazani kwa watu, anakunywa kahawa yao, anarudi na habari zote: babu yake kijana nani, wana maradhi gani, nani alimwacha mke na kwa nini. Sasa Mwingereza utamuulizia baraza gani? Baba yake Neil kafariki, mama yake kahamia Spain, kaka hana, dada hana. Ndipo Bibi akapata akili. Jina lao si limeandikwa kitabuni? Basi wote hao ni ukoo mmoja, na lazima yupo mkubwa wao anayemjua mtoto wao.

"Bibi, hawa hawajuani," Ghalia alijaribu. "Huku mtu anaweza kuwa na jina moja na mwenzake, na wala..."

"Piga simu."

Ghalia ni mtoto ambaye hata darasani akiulizwa kitu anachokijua, hutazama viatu vyake. Namba ya kwanza haikupokelewa. Ya pili alipokea mwanamme aliyedhani anauziwa madirisha kwa simu, akakata. Ya tatu akapokea bikizee, sauti yake ikajaa korido nzima, maana Bibi alishaamuru simu iwekwe spika. Akajitaja: Margaret Culpepper.

"Samahani," Ghalia akasema kwa Kiingereza, sauti kama ya paka aliye chini ya kitanda. "Kuna mtu anaitwa Neil Culpepper. Anataka kumuoa dada yangu. Bibi yangu anauliza kama... kama nyinyi ni watu wazuri."

Bikizee akacheka, cheko la mtu ambaye simu yake haijalia wiki nzima.

"Huyo Neil simjui, mwanangu. Lakini subiri nivute kiti."

Akavuta kiti, akaeleza. Marehemu mume wake alikuwa na ugonjwa wa kulifuatilia jina lake. Wenzao wakienda likizo baharini, wao walikwenda Kent kusoma mawe ya makaburi. Jina limeanzia huko kusini, mamia ya miaka nyuma. Wengine walivuka wakaenda Amerika, na siku hizi kina Culpepper wa huko ni wengi kuliko wa hapa. Maana yake, mume wake alivyokuwa akisema, ni mchuma pilipili manga.

Ghalia akatafsiri. Tasbihi ikasimama.

"Mchuma pilipili manga? Mwambie asinidanganye. Pilipili manga inaota wapi kwenye baridi hii?"

Bikizee alipoulizwa, akasema hata yeye alimuuliza mumewe hivyo hivyo siku ya kwanza, na mpaka anamzika hajapata jibu. Labda walikuwa wakiuza viungo tu. Labda ni jina la utani, likaganda.

"Walikuwa wakiuza," Bibi akakata shauri. "Tunachuma sie mpaka kucha zinakuwa nyeusi, wanaoitwa wachumaji wao. Muulize, ukoo wao una wazimu?"

"Bibi!"

"Muulize."

Ghalia akauliza kama familia ina afya njema. Bikizee akafikiri, akasema mume wake alikuwa akikoroma mpaka jirani anagonga ukuta.

"Wanakoroma," Ghalia akatafsiri.

"Andika."

Mlango wa nje ukafunguka. Nusra huyo, katoka kazini, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, ananukia manukato kumi na mbili kwa pamoja.

"Mnaongea na nani?"

"Na wakwe zako," Bibi akasema.

"Huyo ndiye bibi harusi?" Margaret akadakia kwenye spika. "Mwambieni anunue pamba za masikio!"

Nusra akacheka bila kutaka. Lakini bikizee alipoaga, baada ya kuomba namba yao, Nusra akakaa kwenye ngazi na cheko likamkauka.

"Bibi, mwezi wa tatu huu. Jana Neil kaniuliza kama hii ndiyo njia yenu ya kusema hapana kwa adabu. Kazini wanataka kumhamishia Manchester, na Jumatatu lazima awajibu. Asipopata neno kwetu, anakwenda."

Bibi akazungusha tasbihi, punje moja, mbili.

"Na weye ukiolewa utaitwaje?"

"Nusra."

"Nusra nani? Leena wa dukani tangu aolewe hata barua zake zinakuja kwa jina la mume. Weye ni Nusra Mansour Ameir. Mansour nimemzaa mie. Ameir nimemzika mie. Huyu mchuma pilipili asije akanichumia na hao."

Nusra akamtazama. "Ni hilo tu, Bibi? Miezi yote hii?"

"Na kukoroma."

Nusra akachomoa simu yake ya mkononi amwandikie Neil. Bibi akamchapa kikofi cha mkono.

"Posa yako mwenyewe, utajisemeaje? Huna haya weye? Mpe Ghalia. Yeye ndiye mshenga."

Ghalia akatazama viatu vyake. Alikuwa na soksi tu. Akaipokea simu, akaandika kwa kidole gumba, herufi moja moja, Bibi akisema na yeye akigeuza: Assalaam alaykum. Bibi amekubali. Njoo Jumapili ijayo na watu wako. Lakini Nusra atabaki na jina la baba yake. Unakubali?

"Na kama hana watu wa kuja nao?" Ghalia akauliza.

"Si yupo yule bikizee? Jina si moja? Aje naye."

Ghalia akaongeza: Kama huna watu, tumekupatia mmoja, anaitwa Margaret. Halafu, kabla haya haijamrudia, akaongeza la kwake ambalo hakumsomea mtu: Mimi naona wewe ni mtu mzuri. Akatuma.

Wakaiweka simu juu ya friji, ndipo mtandao unaposhika vizuri.

"Kajibu?" Bibi akauliza akiosha mchele.

"Bado."

"Labda anaswali."

"Saa tano hii, Bibi, anaswali nini?"

Nusra alikuwa anaosha kikombe kile kile mara ya tatu. Adhuhuri ikapita. Alasiri simu ikalia na wote watatu wakaruka, Bibi wa kwanza. Ilikuwa ile ya korido. Margaret amekumbuka jambo: magoti pia, ukoo mzima magoti mabovu, aliona si haki kuwaficha.

"Mwambie ahsante," Bibi akasema, macho kayaelekeza jikoni. "Mwambie asitukalie kwenye simu."

Juu ya friji, simu ya Nusra bado haijalia.