Sahani ya Kondo

Mjukuu wake, Maimuna, ndiye aliyeleta maneno, wala hakuyaleta kwa ubaya. Alikuwa amepanda mlimani kutoka chuoni Mzumbe kwa mapumziko ya siku tatu, akajinyoosha mkekani barazani na simu yake, huku Bibi Chausiku akibambua njegere.

"Bibi, hebu tazama hawa. Walikuwa watoto wa shule, kule Zimbabwe, mahali panaitwa Ruwa. Mwaka tisini na nne. Walimu wako kwenye kikao, watoto wako nje wanacheza, wakaona chombo kimetua ng'ambo ya uwanja. Na viumbe wakashuka."

"Viumbe gani?"

"Wa sayari nyingine, Bibi. Macho hivi!" Maimuna akayatoa macho yake mpaka bibi akamcheka.

"Na huko Zimbabwe walichapwa kwa uongo huo?"

"Wapi! Ni watu wazima sasa, wana watoto wao, na wengi mpaka leo wanasema walikiona. Sikiliza huyu dada anavyoongea, analia kabisa."

Bibi Chausiku akasikiliza. Kiingereza hakukielewa, yeye darasa lake la saba lilikuwa la zamani sana, lakini kilio hakina lugha. Akauliza, "Walikuwa wangapi?"

"Sitini na kitu."

"Sitini," akasema Bibi. Akashika ganda la njegere bila kulipasua. "Sitini, wakashikana. Na mtu akiwa peke yake je?"

"Akiwa peke yake watasema kichaa," akajibu Maimuna, akaendelea na simu yake.

Chakula cha jioni Bibi hakukimaliza. Asubuhi yake akafunga njegere kwenye kitambaa, akavaa baibui lake la safari, akamwambia Maimuna kwamba anakwenda Turiani kumwona Kondo, mtani wake.

"Yule wa sahani?" akauliza Maimuna, tayari anacheka.

Hata Maimuna alijua. Wakati ule alikuwa bado anatambaa, lakini alijua, kama watoto wote wa milima ile walivyojua. Na aliyewafanya wajue ni Chausiku mwenyewe.

Ukoo wa Chausiku na ukoo wa Kondo ni watani tangu kwa mababu. Mtani akikuita mwizi wa kuku mbele ya wakwe zako, unacheka. Akikuzuilia mlango siku ya harusi yako, unacheka na unamlipa. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, na wazee watakutoza. Basi Chausiku na Kondo, waliozaliwa msimu mmoja, walikuwa wametukanana tangu wakiwa na meno ya maziwa, na hapakuwa na watu wawili waliopendana kama wao. Jioni za masika walikuwa wakitegeana vitendawili, mmoja yuko kwake, mwingine yuko kwake, bonde katikati, wakipiga kelele mpaka majirani wanaomba walale.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na saba, maharage yametoa maua. Chausiku alikuwa akipita njia ya juu asubuhi, jua limeshatoka lakini ukungu bado umelala mabondeni. Chini yake, kwenye matuta ya ngazi ya shamba lake, Kondo alikuwa akipalilia. Ukungu ukapasuka, na pale juu ya maharage pakawa na kitu. Cha duara, kinang'aa kama mfuniko wa sufuria mpya, ukubwa wake kama nyumba ya vyumba viwili. Hakikugusa chini. Hakikulia. Upepo ulikuwa unavuma, lakini majani ya migomba yaliyokuwa karibu nacho yalitulia kama yamechorwa. Chausiku akajibanza nyuma ya mgomba, akaangalia kwa muda wa mtu kusoma Alhamdu mara tatu. Kisha kikapanda juu moja kwa moja, kama ndoo inayovutwa kisimani, kikatoweka.

Kondo alitupa jembe akakimbilia kijijini. Alimweleza kila aliyekutana naye. Watu wakaenda shambani, wakakuta maharage yamelala duara, wakasema ni nguruwe. Nguruwe gani wa kulala duara, hakuna aliyeuliza.

Lingeweza kuishia hapo, mtu akachekwa wiki moja, yakaisha. Lakini mwezi huohuo ukoo wa Kondo ulikuwa na kikao. Mzee Dadi, mjomba wake, alikuwa amezeeka, anatafuta mpwa wa kumkabidhi ardhi ya ukoo, awe ndiye wa kugawa mashamba na kuamua magomvi. Kila mtu alijua ni Kondo. Sasa wadogo zake wakasema, hatuwezi kugawiwa mashamba na mtu anayeona vyombo angani. Mzee Dadi akawaita watani pia, kama ilivyo desturi kwenye shauri zito, akamgeukia mpwa wake.

"Una shahidi?"

"Ninaye, mjomba. Chausiku alipita njia ya juu asubuhi ileile. Niliona mtandio wake. Aulizwe."

Watu wote wakamgeukia Chausiku.

Ni lazima isemwe kwamba aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kujitakia. Alikuwa mjane. Miezi miwili nyuma, kijiji cha pili, mwanamke wa umri wake alifukuzwa na nyumba ikachomwa kwa sababu mtu aliota amemwona juu ya ungo. Sasa na yeye asimame aseme ameona kitu cha duara kinaruka? Wangemuuliza, mama, wewe vitu vinavyoruka umevijulia wapi? Kondo alikuwa akimtazama, anatabasamu, hana wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na hakika na mtani wake.

Chausiku akasimama. Akafungua mdomo, na mdomo wenyewe ukakimbilia ulikozoea.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakajibu wote kwa mazoea, hata Mzee Dadi.

"Sahani yapita angani, wali hauna."

"Mwezi!" akasema mmoja. "Mwewe!" "Wingu la kiangazi!"

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Morogoro!"

"Nimekwenda Morogoro, nimelala Msamvu, nimekula sambusa, nimerudi. Jibu ni kichwa cha Kondo!"

Kikao kilivunjika kwa kicheko. Mzee Dadi mwenyewe alifuta machozi kwa pindo la kanzu. Kondo naye alicheka, ilimbidi acheke, mtani amesema. Ardhi wakapewa wadogo zake.

Kitendawili kikashuka na akina mama mpaka gulio la Kinole. Watoto wakategeana shuleni. Mwaka uliofuata redio moja ya mjini ikakisoma kwenye kipindi cha asubuhi, mtangazaji akikohoa kwa kucheka. Kondo akipita na kikapu, kijitoto kisichojua hata kuvaa suruali kinapiga kelele, "Kitendawili!" Mkewe akampeleka kwa waganga. Mkewe alipofariki, Kondo akafunga mlango, akashuka kwenda Turiani kwa binti yake Pendo, ambaye mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Hakupanda tena mlimani.

Chausiku alifika kwa Pendo mchana. Uani palikuwa na turubai, mpunga umeanikwa, na Kondo ameketi kwenye kiti cha chini, miguu imevimba, fimbo mkononi anafukuza kuku. Alikuwa amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa.

"Shikamoo, mama," Pendo akampokea mzigo.

"Marahaba, mwanangu."

Kondo akakaza macho. "Nani huyu? Makaburini wameacha mlango wazi?"

"Nimetumwa na wachimbaji," akasema Chausiku. "Wanauliza urefu wako."

"Waambie wachimbe fupi, miguu nitaikunja. Na wewe wakuchimbie pana, maana naona umekula chakula cha kijiji kizima. Umeniletea nini, mwizi wa ndizi?"

"Njegere."

"Za wizi?"

"Za shamba lako."

Wakacheka mpaka Kondo akakohoa. Pendo akaleta chai, akaketi nao, uso umemkunjuka. Akasema hajamsikia baba yake akicheka hivyo tangu Ramadhani. Chausiku akaishika bilauri kwa mikono miwili, hakunywa.

"Kondo, nimekuja na neno. Ile asubuhi, mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Sahani yako. Niliiona kama wewe."

Kondo akamtazama, kisha akalipuka kicheko. Akapiga goti lake bovu, akalia "ai!", akaendelea kucheka. "Pendo, umemsikia? Hata mgonjwa hamhurumii! Ametoka milimani, magari mawili, kuja kunitania tu!"

Pendo naye akacheka. Chausiku akasema tena, na kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu mtani akikaza uso ndipo utani unapokolea. Akaapa. Kondo akasema, "Apa na kwa Morogoro, tukupe mji."

Chausiku akaweka bilauri chini.

"Ulivua kofia," akasema.

Kondo akakata kicheko.

"Kofia yako ya darizi. Uliivua, ukaiweka kifuani, ukakiambia shikamoo. Hakikujibu. Ukainama kidogo, ukasema tena, shikamoo. Mara mbili."

Kuku wawili walikuwa wamepanda kwenye mpunga. Hakuna aliyewafukuza. Pendo alimtazama baba yake, akamtazama mgeni, akachukua bilauri tupu akaingia ndani bila kuambiwa.

"Hilo sikumwambia mtu," Kondo akasema. "Hata mama Pendo, Mungu amrehemu. Niliona aibu. Nilifikiri ni mkubwa amekuja, sikujua umri wake."

"Hukukosea."

"Kwa hiyo sikuwa mgonjwa wa kichwa."

"Hata siku moja."

Machozi yakamlenga Kondo, na Chausiku akahisi kifua chake kinafunguka. Alifikiri basi, limekwisha, mzigo umetuliwa, na kumbe ulikuwa mwepesi hivi. Alikwishaanza kutabasamu.

"Nilikunywa mizizi," akasema Kondo taratibu. "Nikanyolewa kichwa, nikachanjwa hapa na hapa. Nikalala siku tisa kwa mganga, nanuka kama beberu. Nilikubali yote kwa sababu nilijiambia, Chausiku alipita pale asubuhi ile. Kingekuwepo kitu angekiona. Na angekiona, angesema."

"Kondo..."

"Subiri. Ulipotega kile kitendawili sikukuwekea kinyongo. Wallahi. Nilisema, mtani hakuona, amecheka kama ada ilivyo, mtu asiyeona ana kosa gani? Watu walikusema vibaya kwangu, nikakutetea. Mama Pendo alikuchukia mpaka kufa, mimi nikamkataza. Kumbe nilikuwa nakutetea wewe unajua."

Chausiku akamweleza yule mwanamke wa kijiji cha pili, nyumba iliyochomwa, mjane na maneno ya ungo. Alieleza vibaya, akirudia rudia. Kondo akamsikiliza mpaka mwisho na akatikisa kichwa kukubali.

"Hapo nimekuelewa. Mbele ya kikao kile hata mimi ningeogopa. Sikulaumu kwa kikao."

"Ahsante, mtani."

"Lakini kikao kilikwisha adhuhuri. Jioni ungekuja kwangu. Au mtoni, tulikutana mtoni mara ngapi, mimi na wewe peke yetu? Ungeninong'oneza tu, Kondo, nimeona, ila sitasema. Ningekaa kimya. Ningechekwa na dunia nzima nikacheka nao. Mtu mmoja tu alinitosha."

Chausiku akazipita kichwani zile asubuhi zote za mtoni, zile njia, ile siku ya msiba wa mama Pendo walipokaa ukuta mmoja mpaka watu wakaondoka. Miaka kumi na minane, na kila mahali hapakuwa na mtu wa kuogopwa. Ukweli ni kwamba kicheko kilikuwa kitamu, na baadaye kikawa kikubwa, na baadaye ilikuwa aibu kusema umechelewa. Basi akachelewa zaidi. Hakuweza kuyasema hayo. Akasema tu, "Sina jibu."

"Najua," akasema Kondo.

Walikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye turubai. Chausiku akajikongoja akasimama, akaweka baibui lake sawa. Akajaribu.

"Haya, mimi naondoka. Ukifa usife siku ya gulio, nina ndizi zangu za kuuza."

Akangoja. Hilo lilikuwa tusi zuri, lilistahili jibu.

"Pendo!" Kondo akaita. "Mfungie Mama Nasibu mchele kidogo, amekuja mbali. Umsindikize mpaka kwenye gari, umshike mkono, njia ina mashimo." Kisha akamgeukia, akampa mkono kwa adabu. "Ahsante kwa kufika, Mama Nasibu. Wasalimie nyumbani."

Mama Nasibu. Hivyo ndivyo walivyomwita wauza duka, na karani wa kata, na watu wa mbali. Kondo hakuwahi, tangu mwanawe Nasibu azaliwe. Chausiku aliushika ule mkono, hakuuachia.

"Nitukane basi," akasema chinichini. "Hata kidogo."

"Haifai, Mama Nasibu," akajibu Kondo kwa upole. "Wewe ni mgeni."