Vitabu Kumi na Kimoja vya Genge la Mizani

Tabea alikuwa mfumaji wa masweta ya shule mjini Njombe. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, hana mume wala mtoto, na mashine yake ya kufumia ilichukua nusu ya chumba alichopanga karibu na soko. Kitabu cha kwanza alikipata mwezi Juni mwaka 1992, katika ile baridi ya asubuhi ambayo mtu husemea ndani ya mtandio. Alikwenda stendi kununua gazeti kwa Hilario, muuza magazeti, naye Hilario akamsukumia kijitabu chembamba.

"Chukua na hiki, dada Tabea. Kimeletwa kutoka Makambako. Hakuna anayekitaka."

Kilikuwa kitabu cha katuni, kurasa kumi na sita zilizochapwa kwa mashine ya kurudufu, zikakunjwa na kubanwa pini mbili. Jalada lilipakwa rangi kwa mkono. Jina lake lilikuwa *Genge la Mizani*, na chini yake namba moja. Hakikuwa na jina la mchoraji. Kilisimulia habari za mwanamke aitwaye Mama Birika, anayeuza chai karibu na mizani ya kupimia malori, na wateja wake: madereva, utingo, wapiga debe, karani wa reli. Hakikuwa na ngumi wala bastola wala mapenzi ya kupigana mabusu. Watu walikunywa chai, wakasema maneno mawili matatu, wakaondoka.

Tabea alikisoma akiwa amesimama, akakisoma tena usiku huohuo, na kesho yake akamwambia Hilario asimnyime kingine kikija.

Vilikuja bila utaratibu. Mara mwezi mmoja, mara miezi mitatu. Alivihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya nyuzi, mahali pasipofika unyevu. Wanawake wa kwaya waliomtembelea walicheka. Mtu mzima, tena mzee wa kanisa mtarajiwa, anatunza vitabu vya watoto. Tabea hakubishana nao. Yeye aliishi kwa mkono, na mkono wa mtu mwingine aliweza kuusoma. Aliona kwamba mchoraji huyu huchora blanketi kwa mstari mmoja tu, hanyanyui kalamu hata kwenye mikunjo. Aliona kwamba upepo wa Makambako haukuchorwa kabisa, ila kila mtu ameinamisha shingo upande mmoja. Pale ambapo karatasi ya nta ya kurudufia ilikuwa imepasuka na kuacha mikwaruzo, mchoraji hakuificha. Aliigeuza kuwa mvua.

Kilichomshika hasa ni dereva mmoja aliyeitwa Kigoda. Katika kitabu cha pili Kigoda ni bonge la mtu, anacheka hadi benchi linalia, na kikombe chake chenye mkono uliopinda hutundikwa kwenye msumari wake, hakiguswi na mwingine. Katika cha tano suruali yake imefungwa kamba. Katika cha sita amekaa pembeni na koti juani. Katika cha saba hayupo. Hakuna anayemtaja. Watu wanazungumzia bei ya dizeli, na nyuma yao, kwenye kila picha, kikombe kinaning'inia kwenye msumari.

Tabea aliweka kazi chini. Mdogo wake Amon alikuwa utingo wa malori ya kwenda Zambia. Alirudi nyumbani mwaka 1990 akiwa mifupa mitupu, wakamzika wakisema kifua. Kaburini Tabea hakulia, kwa kuwa watu walikuwa wakiwaangalia wanandugu jinsi watakavyolia na watakachosema. Alilia sasa, miaka mitatu baadaye, juu ya kikombe cha kuchorwa.

Kufika mwishoni mwa mwaka 1993 alikuwa na vitabu kumi. Cha mwisho kilikuwa namba kumi na moja, na aliyokosa ilikuwa namba nne tu, iliyopita wakati yeye amelazwa na homa. Kisha vikakoma. Miezi minane ikapita.

"Labda amechoka," Hilario alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa navirudisha karibu vyote. Wewe peke yako ndiye uliyenunua."

Mwaka huo wa 1994 mambo ya Tabea nayo yalikwenda upande. Marobota ya mitumba yalikuwa yakishushwa kila wiki, na walimu wakuu wakaacha kudai sweta la kufumwa. Mradi ni la buluu. Mashine ilikaa siku nne, siku tano, haijalia. Basi siku moja ya Agosti alikwenda Makambako kwa Halfan, mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia nyuzi, kumwomba ampokelee masweta dukani. Halfan alikubali machache. Ndipo Tabea akamuuliza kama anamjua anayechora *Genge la Mizani*.

Halfan alinyoosha kidole juu, kwenye kibao cha duka lake mwenyewe. "Huyo ni Bashiru. Hata hiki kaandika yeye."

"Nitampata wapi?"

Halfan akakunja futi yake ya kupimia nguo, polepole. "Haandiki tena siku hizi. Nenda nyuma ya stesheni, uulize kwa mama Sikudhani. Usikae sana, bwana huyo anachoka."

Tabea alielewa kabla hajafika.

Mwanaheri, mke wa Bashiru, alikuwa akianika nguo, na binti yao Sikudhani, wa miaka minne, akicheza chini ya kamba. Mama alimtazama mgeni na mkoba wake wa kanisani, akadhani ni mmoja wa wale wanaokuja kuombea wagonjwa.

"Nimekuja kwa ajili ya vitabu," Tabea alisema.

"Vitabu gani?"

"Vya Mama Birika."

Mwanaheri alishusha mikono. "Ingia," alisema.

Bashiru alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na dirisha. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kidogo, na uso wake ulikuwa umebaki macho. Tabea alipoeleza alikotoka na alichofuata, mgonjwa alijikongoja akakaa.

"Unavyo vingapi?"

"Kumi. Nimekosa cha nne."

Bashiru alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, mkewe akaja kumshika mgongo. Kilipotulia alisema, "Mimi sina hata hivyo kumi. Nilikuwa natoa hamsini hamsini, pale ofisi ya ushirika, karani alikuwa rafiki yangu. Ushirika ukafa, mashine ikauzwa. Vilivyobaki vililowa masika. Vingine vimefungiwa maandazi." Akamgeukia Tabea. "Dada, ulikiona kikombe?"

"Nilikiona."

"Kwenye kipi?"

"Kuanzia cha saba. Na kwenye cha tisa Mama Birika anakishusha, anakiosha, halafu anakirudisha palepale."

Bashiru alimtazama muda mrefu. "Sikuwahi kumwambia mtu," alisema. "Nilifikiri hakuna aliyeona."

Waliongea karibu saa nzima, wakisahau onyo la Halfan. Bashiru alimweleza jinsi ya kukwaruza karatasi ya nta kwa msumari wa kiatu, na jinsi alivyoshindwa kuchora mikono mpaka alipoanza kuiweka mifukoni. Tabea alipoaga, Bashiru aliingiza mkono chini ya mto akatoa kitabu kimoja, kimechakaa pembeni. Kilikuwa namba nne.

"Kichukue, utimize. Ila nina ombi. Cha kumi na mbili ninacho kichwani, ndicho cha mwisho. Lakini sura za watu wangu zimenipotea, dada. Nikimchora karani anatoka mtu mwingine. Niletee vyote, uniachie wiki moja. Wiki moja inatosha."

"Nitavileta Jumamosi," Tabea alisema, na siku ile alisema kweli.

Nyumbani alivipanga kitandani vyote kumi na kimoja kwa mara ya kwanza. Alivitazama mpaka giza likaingia. Aliona jinsi namba nne inavyoziba pengo: kumbe ndipo Kigoda alipokopa koti. Akafikiria kile chumba, dari linalovuja, mtoto wa miaka minne, mgonjwa anayekohoa damu juu ya karatasi. Akafikiria vilivyofungiwa maandazi. Jumamosi ikafika, akajiambia ana oda ya kumaliza. Jumamosi iliyofuata ilinyesha kidogo. Ya tatu hakujiambia kitu, alikaa tu.

Ya nne alikwenda, na alichukua vitatu: cha kwanza, cha tatu na cha kumi. Alikuwa amechagua vile ambavyo vikipotea ataweza kustahimili.

Bashiru alikuwa ameshuka sana. Alivifungua kimoja kimoja juu ya magoti, akafika mwisho, akaangalia mkoba.

"Cha saba?"

"Nimekisahau," Tabea alisema. "Nilitoka haraka. Nitakileta na vingine."

Bashiru alipitisha kidole kwenye jalada la kitabu cha kumi, mahali rangi ilipokolea, kisha akavipanga vitatu vile na kumrudishia.

"Chukua, dada. Hapa panavuja. Utavileta vyote kwa pamoja."

Tabea angeweza kukataa. Mwanaheri alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, akiangalia. Tabea alivipokea akavitia mkobani, akaaga haraka, na alipofika barabarani alihisi nafuu, kisha akaona aibu kwa ile nafuu.

Zilipita wiki tatu nyingine. Halafu siku moja ya Alhamisi aliamka, hakunywa hata chai, akachukua mfuko wote wa nailoni akaenda. Hakujua kilichomwamsha. Alipita kwanza kwa Halfan kumsalimu, naye Halfan alipouona ule mfuko alitoka nyuma ya meza yake.

"Tumemzika wiki iliyopita," alisema. "Nilitaka kukuletea habari, sikupata mtu wa kumtuma. Mkewe anaondoka leo. Yuko stesheni, anasubiri treni."

Mwanaheri alikuwa amekaa chini ukutani mwa stesheni, amejitanda kanga nyeusi, vyombo vyake vimefungwa kwenye shuka mbili, Sikudhani amelala mapajani. Tabea alichuchumaa mbele yake akampa pole. Mwanaheri aliitikia.

"Eda nitaikalia kwa mama, Ifakara," alisema. "Mwenye nyumba anataka chumba chake. Anasema wapangaji wanaogopa."

Tabea aliuweka mfuko magotini.

"Kila Jumamosi alitaka nimtoe mlangoni," Mwanaheri aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nimweke pale anapoona njia. Mara ya mwisho nilimbeba mgongoni, alikuwa mwepesi kama huyu mtoto. Alikuwa ameandaa karatasi na kalamu. Karatasi hizo amezikwa nazo, mtu hajui, nilizitia ndani ya mkeka waliomzikia."

"Nisamehe," Tabea alisema.

Mwanaheri alitazama reli.

"Nimevileta vyote," Tabea alisema. "Ni vyako." Alisema hivyo akiunyoosha mfuko, na wakati huohuo moyo wake ulikuwa ukiomba, kwa aibu kuu, aambiwe abaki navyo, kwamba mjane hana pa kuviweka, kwamba yeye ndiye anayejua kuvitunza.

"Vilete," Mwanaheri alisema.

Akaupokea, akauweka juu ya shuka. Kisha akauliza treni itakuja saa ngapi; hakuna aliyejua. Jua lilikuwa limepanda. Baada ya muda alitoa kitabu cha kwanza akampa Tabea.

"Nisomee. Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Alikuwa anachora, mimi napika. Sikuwahi kukaa nikasikiliza."

Tabea alisoma. Alisoma cha kwanza na cha pili, akionyesha kwa kidole nani anasema nini. Mtoto aliamka akasikiliza naye. Katika cha tatu Mwanaheri alimzuia mkono.

"Huyu mama bega lake moja liko chini."

"Ndiyo. Kila mahali yuko hivyo."

Mwanaheri alijigusa bega lake la kushoto, lile la kubebea ndoo. "Endelea," alisema.

Walipofika kwenye kikombe, Mwanaheri ndiye aliyesema, "Hicho ni cha Hassani, rafiki yake. Walikuwa wanakula pamoja. Alikufia Tunduma, hatukuletewa hata nguo." Alivuta pumzi, na katika kuvuta kwake Tabea alisikia mkwaruzo anaoujua, ule wa kifuani, na akaona jinsi kanga ilivyokaa kwenye mifupa ya shingo. Aliinamisha macho kwenye kitabu.

Walikuwa wanamaliza cha kumi treni ilipolia. Watu wakasimama, mizigo ikaanza kupita juu ya vichwa. Tabea alimsaidia kupandisha shuka zote mbili na mtoto. Mwanaheri alikalia upande wa dirisha, mfuko wa nailoni kifuani.

"Kimebaki kimoja," alisema. "Kina nini?"

"Ni mvua," Tabea alisema, akitembea kando ya behewa. "Mvua kubwa, malori yamesimama. Wote wanaingia gengeni, hata wale waliokuwa hawasemezani. Karani anakosa pa kukaa, basi Mama Birika anamwambia..."

Treni ikachukua mwendo, naye akabaki nyuma na maneno yaliyobaki. Aliyasema mpaka mwisho, taratibu, peke yake pale jukwaani, kisha akatafuta gari la Njombe.

Aliandika barua mbili Ifakara kwa jina la Mwanaheri. Hazikujibiwa. Mwaka 1996 alikwisha kuuza mashine na kuwa mpishi wa shule huko Uwemba, na alipopita Makambako aliingia kwa Halfan. Halfan alimwambia Mwanaheri alifariki mwaka uliotangulia, na mtoto analelewa na bibi yake. Tabea akauliza habari za vitabu. Halfan alifikiri, akatikisa kichwa. Aliyemletea habari hakusema, na yeye hakukumbuka kuuliza.